Adhana ya Saa Nne

Siku ya mwisho ninayoweza kuiita ya kawaida, niliunguza mihogo. Naikumbuka kwa sababu hiyo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, nyumbani kwetu Walukuba, mjini Jinja, king'ora cha kiwanda kimeshalia, na mume wangu Idrisa amerudi kutoka zamu ya usiku akiwa na pamba kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine za kusokota nyuzi. Wanaume wa kiwanda kile walirudi majumbani weupe kama mababu, wakakohoa, wakanawa, wakawa vijana tena. Idrisa alikohoa kuliko wenzake. Kikohozi chake kilikuwa na mpangilio: viwili vifupi, kimya kidogo, kisha kimoja kirefu kilichomwinamisha.

Asubuhi ile walikuja watu wawili kutoka msikitini. Mwadhini wetu alikuwa mgonjwa, wakamtaka Idrisa aadhini siku hiyo, maana alisomeshwa Kurani vizuri utotoni kwao Mbale na kisomo chake kilisifiwa. Akakataa.

"Nitakatika katikati," aliwaambia. "Watu watacheka, na kucheka adhana ni dhambi. Msiwatie watu dhambini kwa ajili ya kifua changu."

Mimi nilikuwa mlangoni nasikiliza badala ya kuangalia karai, ndiyo mihogo ikaungua. Tuliila hivyo hivyo, tukitaniana. Basi niliishi na mtu yule miaka minne bila kumsikia akiadhini hata mara moja. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitajitetea nalo, nanyi mtaona halinisaidii.

Naandika kwa Kiswahili, na wapo wa kwetu watakaoshangaa. Wengi Uganda wakisikia Kiswahili, lugha ya wanajeshi, hutazama bunduki iko wapi. Lakini Walukuba tulikuwa mchanganyiko, Wasoga, Wagisu, Wanubi, Waluo na Waluhya wa Kenya, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombana chumvi na kugombania kamba ya kuanikia nguo. Mimi Msoga, Idrisa Mgisu. Tungependana kwa lugha gani nyingine?

Wiki mbili baada ya mihogo ile, malori ya jeshi yalianza kupita kuelekea mashariki. Kampala ilikuwa imeanguka. Wanajeshi wa serikali walikuwa wakikimbia, majeshi kutoka Tanzania yakiwafuata, na sisi tulikuwa katikati, kwenye mji wenye daraja. Waliokimbia walibeba baiskeli, magodoro, hata milango. Kwa jirani yetu walichukua sufuria ya maharage ikiwa jikoni bado inachemka. Afande aliyeibeba akaungua vidole, akatutukana sisi.

Sisi Waislamu tulikuwa na hofu ya pili juu ya hiyo ya kwanza. Ilisemwa kwamba wanajeshi wakishapita watakuja watu wa kisasi, na kwamba kila Muislamu atahesabiwa kuwa mtu wa serikali iliyoanguka. Mahali pengine ilitokea kweli. Idrisa hakuwahi kushika hata manati, lakini jina lake lilitosha.

Dada yangu Mwajuma alikuwa ameolewa na Swaibu, fundi cherehani. Swaibu alikuwa akimshonea gomesi, lile vazi refu la wanawake wa kwetu, mama mmoja aliyeleta samaki waliokaushwa sokoni Jinja. Mama huyo alizaa pacha, kwa hiyo sote tulimwita Nalongo, na hakuna aliyejua jina lake jingine. Alikaa kwenye kisiwa kidogo mbali ziwani, peke yake, na siku ile alikuwa mjini na mtumbwi wake. Akasema anaweza kutuchukua, lakini mtumbwi una nafasi ya watu watano na mtoto mmoja wa mgongoni. Wa tano alikuwa Onyango, dereva Mkenya aliyenyang'anywa lori lake na wanajeshi. Alizaliwa kando ya ziwa hilo hilo, upande wa kwao, na alijua kupiga kasia. Bila yeye tusingefika. Idrisa hakuwa na nafasi.

"Nenda na mtoto," aliniambia. "Nakuja siku ya tatu. Nitapata mtu wa kunivusha."

"Usije mikono mitupu," nikamjibu. "Njoo na chumvi. Nalongo anasema kule hakuna chumvi."

Chumvi ilikuwa adimu miaka ile, na mimi nilikuwa naogopa, na nikiogopa huwa natoa amri. Nikampa kipande cha kitenge changu chekundu chenye picha za ndege kanga, kilichobaki nilipokata mbeleko ya binti yetu Hadija, nikamwambia aifunge humo. Akacheka, akakitia mfukoni. Hatukuagana zaidi ya hapo kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Tulipiga kasia tangu alfajiri mpaka jua lilipokuwa linaelekea kuzama. Nalongo alikiita kisiwa chake Lukomba. Ukikizunguka kwa miguu unarudi ulipoanzia kabla chai haijapoa. Kilikuwa na kilima kimoja chenye msitu, ufukwe mmoja wa mchanga, nyumba ya nyasi ya Nalongo, na kichanja chake cha kukaushia samaki.

Na kilikuwa na wenyewe wa zamani. Msituni tulikuta matuta ya mashamba yamesimama kwa mistari chini ya miti mikubwa, kana kwamba mwenye jembe amekwenda kunywa maji. Tulikuta mibuni iliyorefuka mpaka matunda yake hayafikiwi, na mawe ya kusagia yaliyolika katikati. Nalongo alitueleza kwamba zamani za bibi zake ugonjwa wa malale uliingia visiwani, na Wazungu wakaamuru watu wote wahamishwe. Waliopakiwa mitumbwini walikwenda. Wasioweza kutembea, alisema, waliachwa.

Dada Mwajuma alipotaka kutumia jiwe moja kusagia, Nalongo alimwambia aombe ruhusa kwanza. Akaomba, kwa Kiswahili, maana hakujua wenye jiwe walisema lugha gani. Mimi nilicheka. Usiku huo sikucheka, nilisogeza mtoto katikati yetu.

Tulikuwa na masharti. Hakuna taa. Hakuna kuimba, hakuna kuita kwa sauti, kwa sababu sauti husafiri sana juu ya maji. Swaibu alipiga marufuku adhana, akiwa yeye mwenyewe ndiye mswalishaji wetu. Moto ulikokwa tu siku ambazo sami walipanda, wale wadudu wadogo wa ziwa wanaoinuka majini kwa mabilioni na kusimama hewani kama nguzo za moshi. Kwa mbali huwezi kutofautisha moshi na sami. Kwa hiyo tulipika wadudu walipotaka, na wasipotaka tulikula samaki wa juzi. Samaki bila chumvi siku ya kwanza ni chakula. Siku ya kumi ni adhabu.

Redio hatukuwa nayo. Swaibu alihesabu siku kwenye pindo la kanzu yake nyeupe, mshono mmoja wa uzi mweusi kila asubuhi, na kila Ijumaa uzi wa kijani. Kanzu ile ndiyo ilikuwa kalenda yetu. Siku ya tatu Idrisa hakuja. Nilikaa ufukweni mpaka macho yakauma. Siku ya kumi hakuja. Nikaanza kuamka mapema kabla Swaibu hajachukua sindano, nihesabu mwenyewe kama hajaruka siku.

Mshono wa ishirini na sita ndipo tulipoisikia.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Nilikuwa majini mpaka magotini nafua nepi, na sauti ikatoka upande wa kisiwa cha ndege.

Kisiwa kile hakikuwa na watu. Ni mwamba tu, kilomita moja na ushei kutoka kwetu, mweupe kwa mavi ya ndege mnandi, na miti michache iliyokauka. Wavuvi hawakulala pale hata wakati wa amani.

"Allahu akbaru Allahu akbar."

Nepi ikanitoka mkononi.

Sauti ilikuwa nyembamba, imekwanguliwa na umbali, inakuja na kuzama. Ilifika "Hayya alal falah," ikakatika hapo hapo. Kimya. Kisha ikaendelea mpaka mwisho. Ndege wote wa kisiwa kile waliruka, wakazunguka, wakatua.

Tulikusanyika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemwita mwenzake.

"Saa nne?" Swaibu alinong'ona. "Muislamu gani anaadhini saa nne? Alfajiri imepita, adhuhuri bado. Hiyo si adhana. Huyo anatuvua."

"Ile si mutu," Nalongo akasema. Yeye hakuwa Muislamu, kwake ilikuwa kilio tu. "Ile ni wale wa malale. Waliachwa pale. Inaita mutumbwi."

"Shetani huikimbia adhana," dada yangu akasema. "Hawezi kuitamka."

"Basi ni mtu," Onyango akasema.

"Na mtu ndiye mbaya zaidi," Swaibu akamjibu. "Wametafuta chambo. Nani ataitika adhana ila Muislamu? Ukiitika tu wamekujua wewe ni nani na uko wapi."

Nilikubaliana naye. Sitaki kumwekea Swaibu mzigo peke yake, marehemu. Maneno yake yalikuwa na akili, na sisi sote tulikuwa tumeona mambo ambayo yaliyafanya yawe na akili.

Siku ya pili, saa ile ile, ikaja tena. Ilikatika mahali pale pale.

Hicho ndicho kilichotutisha. Mtu akiadhini hukosea leo hapa, kesho pale. Hii ilikatika kila mara kwenye neno moja, kama santuri iliyokwaruzika. Hadija, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, aligeuza kichwa upande ule akatabasamu. Nikamfunika uso kwa mbeleko.

Siku ya tatu Onyango alikuwa amekaa kwenye jiwe la mbele kabisa tangu mapema, mikono nyuma ya masikio. Sauti ilipokwisha alirudi akasimama mbele yetu.

"Huyo ni mtu, na ni mgonjwa," alisema. "Pale anapokatika anakohoa. Shetani hakohoi, mama."

"Sote tunakohoa," dada akasema.

"Nipeni mtumbwi. Nakwenda, naangalia kwa mbali, narudi."

Nalongo alikataa, kisha akasema kama wote wanataka, yeye hana neno. Swaibu alikataa. Dada akajishughulisha na samaki. Onyango akanigeukia mimi.

"Mama Hadija, wewe unasemaje?"

Siku zote mtu akisimulia vita husema hakukuwa na la kufanya. Mimi niliulizwa. Nilipewa nafasi, saa nne na nusu asubuhi, jua linawaka, mtoto amelala mgongoni. Niliutazama mtumbwi wetu mmoja. Nilifikiri: huyu akikamatwa na mtumbwi ukachukuliwa, Idrisa akija atatukuta tumekufa njaa. Au watamfuata mpaka hapa, na Idrisa akija atakuta majivu.

"Tusubiri," nikasema. "Mume wangu yuko njiani. Tumsubiri kwanza."

Onyango aliniangalia, akaenda kukaa peke yake.

Siku ya nne iliita.

Nilifundishwa tangu mtoto kwamba ukisikia adhana unaitikia, unarudia maneno polepole nyuma ya mwadhini. Sikuweza kujizuia. Nilikaa chini ya kichanja cha samaki nikaitikia kila neno kwa midomo, bila sauti. Ilipofika pale pa kukatika, nami nikangoja. Viwili vifupi sikuvisikia, umbali ulikuwa mkubwa. Nilisikia urefu wa kimya tu, na mwili wangu ukautambua urefu ule kabla ya akili yangu.

Kisha nikajiambia Walukuba nzima inakohoa hivyo. Nikajiambia sijawahi kumsikia akiadhini, nitaijuaje. Nikasimama, nikageuza samaki.

Siku ya tano ilisema "Allahu akbar" mara mbili. Haikuendelea.

Siku ya sita ziwa lililala kama kawaida yake, tukakaa tunangoja, sote watano, hakuna aliyejifanya ana kazi nyingine. Hakikutoka kitu. Swaibu alisema alhamdulillahi. Mimi nililia, na dada akadhani ni kwa kushukuru.

Siku ya saba Onyango hakuomba ruhusa. Tulimwona tayari yuko katikati ya maji.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Alikuja polepole, na hakufunga mtumbwi. Alipanda ufukweni na kitu mkononi, akapita Swaibu, akapita Nalongo, akaja kwangu.

Kilikuwa kitenge chekundu chenye picha za kanga, kimefungwa fundo. Ndani kilikuwa na uzito. Chumvi ilikuwa imepata unyevu ikashikana ikawa jiwe moja.

"Pole, mama," Onyango alisema. "Bado ana joto kidogo kwapani. Labda ni jana, labda ni leo asubuhi."

Nilivuka naye. Idrisa alikuwa amekaa ameegemea mti mkavu, miguu imenyooshwa, amejifunga paja kwa nyuzi za pamba za kiwandani, tabaka juu ya tabaka, kazi safi kama alivyokuwa akifanya kila kitu. Risasi ilikuwa imeingia pale. Ndege hawakuwa wamemgusa. Baadaye sana, Jinja, mvuvi aliyemvusha alitueleza bila kututazama usoni: wiki zote zile wavuvi waliogopa kuvuka, na walipothubutu walipigwa risasi wakiondoka ufukweni, na kesho yake njiani walisikia injini ya mashua, naye kwa woga akamshusha kwenye mwamba wa kwanza, akisema atarudi.

Nilikaa karibu yake nikatazama alikokuwa anatazama. Kutoka pale kisiwa chetu chote kinaonekana. Kichanja kinaonekana. Jiwe ninalofulia linaonekana. Sijui kama macho yake yaliweza kunijua mimi ni nani, lakini alimwona mwanamke mwenye mtoto mgongoni, siku tano, akienda na kurudi.

Tulimleta Lukomba. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, nikamwosha, dada akinimiminia maji. Pamba ilikuwa bado kwenye nywele nyuma ya sikio. Sanda hatukuwa nayo. Swaibu alivua kanzu yake, akafumua mishono ya mabegani kwa meno, akaitandaza. Tukamviringisha nayo pamoja na pindo lake, nyuzi nyeusi na za kijani. Kibla ya kwetu iko kaskazini, upande ule ule wa Jinja, kwa hiyo amelazwa anatazama nyumbani. Nalongo alichagua mahali, kando ya matuta ya zamani. Aliinama akawaambia jambo wenyewe wa mahali pale, na safari hii sikucheka, nilimwachia amalize.

Kuanzia hapo hatukujua tena tarehe.

Na chumvi tuliila. Wengine wanaposimulia huishia kaburini, lakini mtu anazika na kesho yake ana njaa. Nalongo alinijia na kisu, akaniuliza, "Nikate?" Nikamwambia akate. Kila siku tulikwangua kidogo. Samaki akawa na ladha, Hadija akaanza kula vizuri, mashavu yakamjaa. Ilitutosha mpaka mwisho wa kukaa kwetu, na sikuwahi kula kitu kwa hamu na kwa uchungu namna ile.

Tuliporudi Jinja, darajani walikuwa wamesimama wanajeshi wa Tanzania. Kijana mmoja mwenye bunduki alinitazama mimi na mtoto akasema, "Shikamoo, mama." Sikuwa nimewahi kuamkiwa na bunduki. Nilishindwa kuitikia, dada akaitikia kwa niaba yangu. Onyango akaendelea kwao. Mpaka leo hutuma salamu kwa madereva wenzake wanaopita barabara ya Kenya, nami humtumia ndizi.

Mimi nilikwenda Mbale kwa mama yake Idrisa, mtaa wa Namakwekwe, kwenye vyumba vyake viwili vya kupangisha na kimoja cha kukaa. Watoto wa pale wote walimwita Jaja Saada, yaani Bibi Saada. Mimi nilimwita mama. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyesomesha watoto Kurani barazani na kuchagua maharage wakati huo huo, akikosoa herufi bila kuinua macho. Siku ya kwanza aliniuliza mwanawe amekufaje. Nikamwambia alipigwa risasi Jinja, akafa papo hapo, hakuteseka, Waislamu wakamzika. Ilikuwa rahisi, na nusu yake ilikuwa kweli. Akasema inna lillahi, akaniandalia pa kulala.

Nilikaa na uwongo huo miaka kumi. Nilijifariji kwamba sauti ile ilikuwa kitu cha ajabu ambacho mtu mwenye akili asingekifuata. Adhana ya saa nne. Kila nilipoelemewa nilijishikiza kwenye hiyo saa nne.

Kisha mwaka mmoja, wakati wa kuvuna, Jaja alitaka kumchukua Hadija waende shambani kwao Busiu. Mtoto aliogopa. Mahindi ya Busiu yakikomaa hata kichwa cha mtu mzima hakionekani.

"Nitapotea, Jaja."

"Utapotea vipi na mimi nipo? Baba yako alipotea mle akiwa wa miaka saba, nikampata." Alikuwa na ungo wa maharage mapajani, vidole havikusimama. "Nilikuwa nimemfundisha. Ukipotea usikimbie. Kaa chini. Ngoja upepo ukate, kisha uadhini. Adhana si ya swala peke yake. Aliyepotea porini naye huadhini, saa yoyote, na aliye karibu akisikia humfuata. Baba yangu alinifunza hivyo. Basi asubuhi ile, jua liko kama hapo, nikasikia katoto kanaadhini katikati ya mahindi. Sikutazama njia. Nilikanyaga mahindi ya watu mpaka nikamfikia. Amekaa, amekunja miguu, hata halii. Akaniambia, 'Nilijua utakuja.' Wewe ni msichana, wewe utaita jina langu tu."

Hadija alicheka, akatoka kucheza.

Nilikuwa nasuka mkeka. Niliuweka chini. Sikufikiri, sikupima maneno. Nilimweleza mama mkwe wangu yote, kisiwa, mwamba, saa, kikohozi, Onyango alivyoniuliza na nilivyojibu. Nilimweleza na chumvi.

Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Tano, mama."

"Na mlisikia zote."

"Tulisikia."

Nje mpangaji alikuwa anapasua kuni, na kila shoka lilipotua nilishtuka.

"Uliitikia?"

"Niliitikia. Siku ya nne. Kila neno. Lakini kwa midomo tu, mama. Hata mtoto mgongoni hakusikia."

Hakunipiga, hakunitukana. Nilikuwa tayari kwa vyote viwili, na ningevipokea.

"Alijua mpo," akasema, akiangalia mlango. "Asingeita siku tano kama hakujua mpo."

Akarudi kuchagua maharage. Aliyachagua mengi sana siku ile, mabovu na mazima akiyatupa pamoja. Hakunisemesha mpaka mvua zilizofuata, na siku aliponisemesha alisema nimletee mafuta nimpake miguu. Nikampaka. Nilimpaka kila jioni mpaka alipofariki. Kama huko ndiko kusamehewa, sijui, na sikumuuliza.

Nimezeeka hapa hapa Namakwekwe. Swaibu na dada wamekwenda. Hadija ana watoto wake, anapika na chumvi nyingi kuliko anavyoambiwa na daktari. Lukomba nilirudi mara moja. Msitu umelifunika kaburi, na nilipata mahali pale kwa sababu ya matuta.

Msikiti wa mtaani kwetu sasa una vipaza sauti, na mara tano kwa siku adhana inapita juu ya mabati. Wanawake wenzangu huitikia kimya kimya kama tulivyofundishwa. Mimi huacha ninachofanya, nikatoka barazani, nikaitikia kwa sauti, kila neno, mpaka wapangaji wapya hudhani nimerukwa na akili. Pale kona kuna kijana wa bodaboda ambaye hunitania.

"Jaja, unapiga kelele bure. Mwadhini hakusikii, yuko mbali."

Namwambia najua yuko mbali. Ndiyo maana napaza sauti.